Barua ya wazi kwa TAMISEMI na Wizara ya Elimu: jioni za watoto wetu zimeuzwa

Kwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Kamishna wa Elimu.
Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri na Maafisa Elimu wa Msingi, popote mlipo.

YAH: MUDA WA KLABU NA MICHEZO BAADA YA VIPINDI KATIKA SHULE ZA MSINGI ZA SERIKALI

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wawili bado wako shule ya msingi, na ni mjumbe wa kamati ya shule moja ya serikali huku Mbagala, Manispaa ya Temeke. Shule sitaitaja. Ninayoyaeleza hayako kwetu peke yetu, na sitaki mwalimu mkuu wetu aitwe wilayani kuandika maelezo kwa barua ambayo hakuiandika yeye.

Najua meza zenu zimejaa, kwa hiyo ombi naliweka mapema kwa atakayeishia ukurasa wa kwanza. Tunaomba dakika tisini, mara mbili kwa wiki, ndani ya muda rasmi wa shule, kwa kila mtoto kuanzia darasa la tatu, ziwe za klabu na michezo. Ziandikwe kwenye ratiba kama Hisabati inavyoandikwa. Ziwe na mlezi anayelipwa na fungu linaloonekana kwenye bajeti. Na mtu yeyote asiruhusiwe kuziuza kwa tuisheni.

Hilo la kuuza ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kengele yetu ya mwisho ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na inagongwa saa nane na nusu mchana. Kwa mujibu wa ratiba, siku ya masomo imekwisha. Kwa hali halisi, ndiyo kwanza inaanza siku ya pili. Darasa la nne, kwa sababu ya upimaji wa kitaifa, na darasa la saba, kwa sababu ya mtihani wa kumaliza, wanabaki kwa kinachoitwa masomo ya ziada, shilingi mia tano kwa mtoto kwa siku, hadi jua linapoanza kushuka. Asiye na mia tano hafukuzwi, hapana, siku hizi tumestaarabika. Anaambiwa akafagie uwanja, au akae nje asubiri wenzake wamalize.

Madarasa yasiyo na mtihani mwaka huo yanafunguliwa geti. Wanakwenda wapi? Siku moja mje bila msafara, mshuke kwenye gari mbali kidogo na shule na mtembee. Kwetu, kutoka getini hadi kituo cha daladala, kuna vibanda vyenye zile mashine za kamari zinazowakawaka taa na kupiga muziki. Sheria hairuhusu mtoto kucheza kamari. Mashine haina habari hiyo. Inakula sarafu ya mia mbili, na mia mbili ndiyo nauli ya mwanafunzi. Nimewakuta wavulana wa darasa la tano, sare mwilini, mabegi yamebanwa katikati ya miguu, mmoja anacheza na wanne wanamshauri abonyeze wapi, kwa umakini ambao mwalimu wao wa Hisabati angeulilia. Wakiliwa, wanarudi nyumbani kwa miguu na kumwambia mama kwamba konda aliwakataa. Na mama anaamini, kwa sababu makonda kweli wanawakataa.

Wasichana huwakuti kwenye vibanda. Hao nitawarudia.

Sitawachosha na sheria, mnazijua kuliko mimi. Nakumbusha tu kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi na elimu, na kwamba nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao kifungu chake cha 31 kinasema hayohayo. Mzazi anayemnyima mtoto chakula anaitwa ustawi wa jamii. Anayemnyima mchezo anasifiwa kwa kujali masomo ya mwanawe.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo, na ninyi mliolisimamia hilo nawashukuru kwa dhati. Lakini kuna jambo mnapaswa kuliona kwa macho. Binti yangu ameniletea daftari lenye mchoro wa uwanja wa mpira wa pete: mita 30.5 kwa 15.25, duara la kati, maeneo matatu, kila mstari umenyooshwa kwa rula, na tiki nyekundu pembeni. Ukurasa mzuri kabisa. Mpira wenyewe hajawahi kuushika mkononi. Darasa lao linazidi watoto mia moja, kipindi ni kimoja, mpira ni mmoja na umefungiwa kabatini usipotee. Mwalimu akiwatoa nje watoto wote hao na mpira mmoja, watakaougusa ni wavulana kumi wenye nguvu. Basi anachora ubaoni, na wao wananakili.

Kwa hiyo naomba tusiambiwe kwamba somo limeshatosha. Somo linafundisha mchezo ni nini. Kuucheza kunahitaji muda mwingine, vikundi vidogo, na mtu mzima ambaye hana haraka ya kumaliza mada.

Jibu la pili nalijua pia: tuna UMITASHUMTA, mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za msingi. Tunayo, na iendelee. Kwangu ni moja ya mambo machache yanayomfanya mtoto wa Mbagala apande basi kwenda mkoa mwingine akiwa amevaa jezi ya mkoa wake. Wenye umri wangu tunakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule iliposimamishwa kabla ya kurudishwa baadaye, na sikusikia popote kwamba Hisabati ilipanda kwa sababu hiyo. Ila tazameni inavyofanya kazi. Wiki chache kabla ya mashindano ya kata, mwalimu wa michezo anazunguka madarasani kuokota wenye miguu na wenye pumzi. Jezi zinaazimwa. Wanachujwa kata, wanachujwa halmashauri, wanachujwa mkoa, mpaka ifike ngazi ya taifa. Kila hatua kazi ni kupunguza watoto. Shule yenye wanafunzi elfu moja na zaidi inatoa labda ishirini au thelathini, na waliobaki wanapangwa pembezoni mwa uwanja kushangilia. Mnene, mwenye pumu, anayevaa miwani, mlemavu wa mguu, mwenye aibu, anayependa kuimba kuliko kukimbia: kwa hao wote hakuna kitu, na ndio wengi.

Mwaka juzi tuliwahi kuonja kitu tofauti. Mwalimu mmoja kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa, alianzisha Jumatano zake mwenyewe bila kuagizwa. Hakuwa na senti. Aliomba maboksi dukani, watoto wakachora mbao za drafti kwa mkaa, kete zikawa vizibo vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali. Wengine aliwapa bustani ya mchicha nyuma ya vyoo vya walimu. Kundi jingine lilifanya ngonjera, na hao ndio waliokuwa na makelele kuliko wote. Alikuwa akizunguka tu kati yao, mikono nyuma, akiuliza maswali.

Kulikuwa na mtoto wa darasa la tano ambaye kusoma kulikuwa kumemshinda. Alihama darasa baada ya darasa kama wanavyohama wengi, amekaa nyuma, kimya, anaongeza idadi tu. Kwenye drafti hakuna aliyemuweza. Ilipoanzishwa ligi, ikatakiwa orodha ya wachezaji na matokeo, na yeye, kwa kuwa ndiye bingwa, akadai yeye ndiye atunze orodha. Wiki za mwanzo alichora alama: kofia kwa huyu, samaki kwa yule. Watoto wakalalamika kwamba anapendelea, maana hawakuelewa samaki ni nani. Ikabidi aandike majina. Akawa anamfuata kila mtoto amuandikie jina lake kwenye kiganja, kisha anahamishia kwenye karatasi. Mwisho wa muhula ile karatasi ilikuwa na majina arobaini na kitu, yote kwa mwandiko wake, mengine yamekosewa herufi, na yeye akiyasoma moja moja kwa sauti siku ya fainali. Darasa la tano zima hakuna kipindi kilichokuwa kimemfikisha hapo.

Muhula uliofuata mwalimu yule alipewa darasa la saba, na Jumatano zikaenda naye. Hakuna aliyetoa amri ya kuua klabu. Moko, mtihani wa majaribio, ilikuwa imekaribia, basi.

Hapa ndipo penye mzizi, na si kwa walimu. Mwalimu mwenye watoto mia na ushee kwenye chumba kimoja, akirudi Chamazi kwa daladala mbili, tuisheni inampa nauli na mboga. Klabu inampa nini? Lawama, mtoto akiteguka mguu. Mwalimu mkuu naye anapimwa kwa matokeo tu. Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na wazazi wengi tulipumua. Lakini upangaji haukufa, ulishuka ngazi. Huku chini kuna moko ya wilaya, kuna ya kata, kuna mitihani ya ujirani mwema, na kila mmoja una orodha yake ya wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho anasimamishwa kikaoni ajieleze mbele ya wenzake. Sijawahi kusikia kikao ambacho mwalimu mkuu aliulizwa ni watoto wake wangapi wanajua kupiga ngoma, au wangapi wanaogopa kuja shule.

Mtasema klabu zipo, na kwenye makaratasi ni kweli. Zipo za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, kuna Skauti na Girl Guides, kuna klabu za Malihai za uhifadhi tangu mwaka 1980. Roots & Shoots ya marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, programu ya vijana na mazingira ambayo leo iko katika nchi nyingi duniani, ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi kumi na wawili. Nchi hii si mgeni wa mambo haya, wala hao wenye klabu sina ugomvi nao. Wanaleta miongozo, wengine wanaleta hata skafu. Shida ni kwamba wanaikuta ratiba haina saa ya kuzifanyia kazi. Ofisini kwa mwalimu mkuu kuna karatasi ya manila yenye orodha ndefu ya klabu na majina ya walimu walezi, mmoja wao alishahama. Mgeni akitangazwa, watoto wanavalishwa skafu na kufundishwa wimbo kwa siku tatu. Mgeni akiondoka, skafu zinarudi kabatini zikakae na ule mpira.

Sasa fedha. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kinachotajwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo sehemu ya vitabu inabaki juu, shuleni zinafika kama 6,000. Humo ndimo mnamotoka chaki, mitihani ya ndani, karatasi na kitasa kilichovunjika. Kumwambia mwalimu mkuu atoe klabu humo ni kumtania.

Hesabu yetu kwenye kamati tuliipiga hivi. Shule ya watoto elfu moja, walezi kumi, posho ya shilingi elfu tano kwa kila kikao, vikao sitini kwa mwaka baada ya kuondoa wiki za mitihani: hiyo ni milioni tatu. Vifaa, yaani mipira, kamba, ngozi za ngoma, mbegu, rangi, manila na vitabu vichache vya hadithi, milioni moja. Jumla milioni nne, sawa na elfu nne kwa mtoto kwa mwaka mzima. Mzazi wa darasa la saba anazimaliza elfu nne kwa siku nane za tuisheni. Walezi kumi ni wachache kwa watoto hao, nakubali, lakini hata hivyo kila mmoja atakuwa na watoto pungufu kuliko alionao darasani asubuhi. Halmashauri zenye mapato ya ndani ya kueleweka, na zetu za Dar es Salaam zimo, zinaweza kuanza bila kusubiri Hazina. Zile zisizo na kitu ndizo za kusaidiwa kwa ruzuku ya serikali kuu, na zisiachwe za mwisho kama kawaida yetu.

Walezi wasiwe walimu peke yao. Chuo cha Malya kinatoa watu wa michezo kila mwaka, TaSUBa pale Bagamoyo inatoa wasanii, na wengi wao wako mitaani wanasukuma bodaboda. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana waliosomea michezo kikiomba kuendesha klabu za shule nne za kata moja kwa mkataba, kwa nini kisihesabiwe ni mradi kama ulivyo wa kufuga kuku? Na wazee wa mtaa msiwasahau. Kwetu kuna babu anayecheza bao hadi watu wanatoka Kigamboni kuja kumpima, na hakuna mtoto wa mtaa ule anayejua hata kupanga kete.

Lakini ili babu aingie getini, lazima mliangalie suala la usalama kwa macho makali. Nalisema mimi kabla hamjalisema nyinyi. Mtu mzima asiye mwalimu asibaki na watoto peke yake, hata dakika tano. Wawe wawili kila kikao, wakifahamika serikali ya mtaa, majina yao yakiwa kwenye Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto la shule, na watoto waambiwe wazi wanaripoti kwa nani. Vikao vifanyike mahali panapoonekana. Hilo haligharimu kitu.

Na tuondoleeni hofu ya michango. Agizo la Januari 2018 la kupiga marufuku michango shuleni lilikuwa na sababu zake, wapo waliokuwa wanarudishiwa watoto nyumbani kwa ajili ya dawati. Lakini limeacha woga ambao hata michango ya hiari yenye kibali haijaufuta. Kuna mzazi mwenzetu, fundi seremala, alijitolea kuchonga magoli mawili, mbao zake, misumari yake. Mwalimu mkuu alimwomba asubiri kwanza apate ruhusa ya kimaandishi. Mbao zile sasa ni banda la kuku. Andikeni mistari miwili tu kwenye waraka: kifaa cha michezo kinachotolewa na mzazi kwa hiari kinapokelewa na kamati na kuingizwa kwenye daftari la mali, bila kuomba kibali juu.

Wasichana sasa. Klabu ikiwekwa nje ya muda wa shule, wao hawatabaki. Kengele ikilia tu, wana ndoo inayowasubiri na mdogo wao mgongoni, au sinia la ubuyu la kuzungusha. Mama anayemwita binti yake nyumbani si mkatili. Yuko genge la mboga hadi usiku, na mtoto mchanga hana wa kumshika. Kumpigia semina hakutabadilisha kitu, ila ratiba inaweza. Ikisemwa kwamba Jumanne na Alhamisi shule inatoka saa kumi jioni, basi shule inatoka saa kumi, na kila nyumba itajipanga kama ilivyojipanga kwa saa nane na nusu. Ndiyo maana nasisitiza ndani ya muda rasmi. Klabu ya hiari ya jioni itajaa wavulana, na wavulana wa wenye nafasi.

Saa kumi pia ina faida ya usafiri. Wafanyakazi bado hawajamwagika vituoni, konda hana sababu ya kumsukuma mtoto wa mia mbili ili apande mtu mzima. Huko vijijini, ambako mtoto anatembea kilomita kadhaa na kupita porini, naamini walimu wa hukohuko watajua zaidi kuliko mimi kama ni bora muda huo uwe katikati ya siku. Waachieni waamue. Shule za zamu mbili nazo zianze na kikao kimoja kwa wiki kwa kila zamu.

Kitu kimoja kisichokwepeka ni chakula. Mtoto aliyekunywa chai kavu saa kumi na mbili asubuhi hawezi kucheza saa tisa alasiri, atazimia uwanjani na klabu itasingiziwa. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni mliutoa mwaka 2021. Kwenye siku hizo mbili uji uwepo, na bustani ya klabu ichangie mboga kwa siku za chakula. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule iwe na shamba ambalo watoto wanalipanga wenyewe na kuona faida yake. Elimu ya Kujitegemea tuliyonayo sasa, kwa sehemu kubwa, ni mtoto kuuziwa barafu na mwalimu.

Nimefika kwenye uwanja. Shule yetu ilikuwa na kiwanja kamili cha mpira. Yalipokuja madarasa mapya tuliyapokea kwa shangwe, nani angekataa, watoto walikuwa wanakaa chini. Yalijengwa katikati ya kiwanja kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi. Kilichobaki ni kichochoro kati ya darasa la sita na vyoo, ambamo watoto wanapiga chandimu kwa mpira wa makaratasi wakiruka mtaro. Maeneo ya wazi ya shule nyingine yameliwa na majirani kidogo kidogo, leo ukuta, kesho fremu za maduka. Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha ulianza kujengwa uwanja mpya kwa ajili hiyo. Nitashangilia kama kila mtu. Ila hao watakaovaa jezi ya Taifa Stars miaka kumi na mitano ijayo, leo wako darasa la pili wanaruka mtaro. Toeni hati za maeneo yote ya shule. Penye ufinyu jengeni kwenda juu, kama mlivyokwisha kuanza kufanya kwenye baadhi ya shule za hapa jijini. Na ramani yoyote ya darasa jipya inayokata uwanja wa kuchezea isisainiwe mpaka ionyeshe uwanja mwingine uko wapi.

Mwaka huohuo wa 2027 una jambo jingine, na ndilo linalonipa haraka. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita, na waliokuwa darasa la nne mwaka huo watamaliza la saba. Mikondo miwili inatoka shule ya msingi kwa pamoja, inagombea madawati ya kidato cha kwanza. Mnajua na mimi najua kitakachotokea: tuisheni itapanda kutoka mia tano, itaanza alfajiri, itaingia Jumamosi, na wazazi tutalipa kwa sababu tutakuwa na hofu. Klabu isiyo na ulinzi wa maandishi haitavuka mwaka ule. Hata hicho kipindi cha Sanaa na Michezo kitamegwa, mtakuja kukikuta ni Hisabati.

Kwa hiyo tunaomba waraka mmoja, wenye saini zenu wote watatu ili TAMISEMI isije kutuambia ni suala la Wizara na Wizara ikatuambia ni la TAMISEMI. Useme siku, useme saa, useme fungu, na uweke kwenye fomu ya ukaguzi wa Mthibiti Ubora swali la kwamba siku aliyofika aliwakuta watoto wakifanya nini saa tisa alasiri. Asiulizwe mwalimu mkuu, waulizwe watoto.

Ratiba za Januari shule nyingi huzipanga wiki za mwisho za mwaka, walimu wakiwa wamekaa chini ya mti na karatasi zao. Waraka ukitoka kabla ya Novemba kuisha utawakuta hapo. Ukitoka Februari, utabandikwa ofisini juu ya ile manila.

Wenu,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.